Jiko Dogo la Gesi: Mtungi Kwanza, Jiko Baadaye

Jiko dogo la gesi lina vitu vitatu: kichomeo, vishikio vya kuinjikia sufuria, na njia ya kuleta gesi kutoka kwenye chombo chake. Vitatu hivyo vimo katika jiko linalobebwa mgongoni na mpanda mlima wa Rwenzori, na vimo pia katika lile linalokaa sakafuni kwenye chumba cha mwanafunzi mtaa wa Kikoni, kando ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mengi ya majiko haya yalibuniwa kwa ajili ya watu wanaolala kwenye mahema. Kampala imeyapa kazi nyingine. Katika muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga ambamo mtu hulala, hupokea wageni na hupika, jiko la kambi ndilo jiko la nyumba.

Dukani majiko haya hupangwa kwa rangi, kwa ukubwa na kwa bei. Tofauti yao kubwa, hata hivyo, haiko kwenye bati wala kwenye rangi. Iko kwenye chombo cha gesi. Jiko hununuliwa mara moja likatumika miaka, ilhali gesi hununuliwa mwezi baada ya mwezi. Jiko la bei ya chini linalokula gesi ya bei ya juu humaliza fedha polepole bila mwenyewe kutambua, na jiko zuri ambalo gesi yake haipatikani mtaani hugeuka pambo. Kwa hiyo anayetafuta jiko dogo na nafuu huanza kwa kuchagua gesi, kisha ndipo achague chuma cha kuiwashia.

Gesi yenyewe na safari yake

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo hupatikana katika usafishaji wa mafuta ghafi na katika uchimbaji wa gesi asilia. Zikibanwa kwa nguvu ya wastani hugeuka kimiminika, na ndiyo maana mtungi ukitikiswa husikika maji maji ndani yake. Vali ikifunguliwa, kimiminika huchemka na kurudi kuwa gesi. Lita moja ya kimiminika hicho hutoa takriban lita 250 za gesi. Hapo ndipo penye faida yake, kwa kuwa moto mwingi hukaa katika chombo kidogo, na hapo hapo ndipo penye hatari yake, kwa kuwa uvujaji mdogo hujaza chumba upesi.

Propani na butani hazifanani tabia. Propani huendelea kuchemka hadi baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani ya kawaida huacha kuchemka karibu na sifuri yenyewe. Kampala, ambako usiku wa baridi bado una nyuzi kumi na kadhaa, tofauti hiyo haionekani sana. Huonekana milimani, kama itakavyoelezwa.

Gesi inayotumika Kampala husafiri mbali kabla ya kufika. Uganda haina pwani, na ingawa mafuta ya eneo la Ziwa Albert yalithibitishwa mwaka 2006, gesi ya mitungi imeendelea kutegemea shehena zinazoshushwa Mombasa na katika bandari za Tanzania, kisha zikapakiwa kwenye malori hadi mpakani na kuingia nchini. Kila kilomita ya safari hiyo imo ndani ya bei. Ndiyo sababu wakazi wengi wa mji wameshikilia sigiri, yaani jiko la makaa, ambayo hununuliwa mtaa wa Katwe kwa mafundi wa bati na kulishwa makaa ya mafungu madogo kulingana na fedha ya siku. Lakini makaa nayo yamebanwa: mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi na maeneo jirani. Mwenye chumba kimoja sasa hupima vitu viwili kwenye mizani, na jiko dogo la gesi ni kimojawapo.

Familia nne za majiko madogo

Familia ya kwanza ni jiko linalokaa juu ya mtungi. Mtungi ni mdogo, kwa kawaida wa kilo 6, na kichomeo hufungwa kwa parafujo moja kwa moja kwenye mdomo wake. Juu yake huwekwa kikalio cha vyuma cha kuinjikia sufuria. Hakuna mpira wala regyuleta ya kando, na ufunguo mmoja tu ndio unaoongoza moto. Nchini Kenya jiko la namna hii huitwa meko, neno la kale la mahali penye mafiga. Mtungi wake hubadilishwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya mitaani: kampuni kama TotalEnergies, Shell, Stabex na Oryx zote huuza gesi ya mitungi nchini Uganda. Mnunuzi hulipia mtungi, kichomeo na gesi mara ya kwanza. Baada ya hapo hupeleka mtungi mtupu, akachukua uliojaa na kulipia gesi peke yake.

Familia ya pili ni jiko la mezani la kichomeo kimoja au viwili, linalounganishwa na mtungi kwa mpira na regyuleta. Jiko lenyewe ni dogo na jepesi, na mtungi unaweza kuwa wa kilo 6 au mkubwa zaidi. Hubebeka kwa gari lakini si mgongoni. Faida yake ni kwamba moto uko mbali na mtungi, na sufuria inakaa chini, mahali ambapo mkono unaifikia vizuri.

Familia ya tatu ni jiko la kopo. Ni kisanduku bapa cha bati chenye kichomeo upande mmoja na chumba cha kopo upande wa pili. Kopo ni la butani, hufanana na la dawa ya kuulia mbu, na huwa na gramu 220 hivi. Huingizwa likiwa limelala, pengo la kwenye ukingo wake likielekezwa panapoonyeshwa, kisha wenzo husukumwa ili kulibana. Jiko hili mara nyingi huuzwa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye mpini, na kwa sura hupendeza kuliko mengine yote. Japani na Korea ya Kusini limekuwa chombo cha mezani cha kupikia mbele ya wageni. Kampala hupatikana kwenye maduka makubwa na kwa wauzaji wa bidhaa za nje.

Familia ya nne ni kichomeo cha wapanda milima. Ni kidogo kiasi cha kufichwa kiganjani, kina miguu ya kukunja, na hufungwa kwa parafujo juu ya kopo fupi nene lenye mchanganyiko wa propani na aina ya butani inayostahimili baridi zaidi. Makopo hayo huuzwa kwa ujazo wa gramu 100, 230 au 450 hivi. Majiko haya ndiyo mepesi kuliko yote, na ndiyo yenye gesi ghali na adimu kuliko zote. Yapo pia majiko ya zamani ya Ulaya yanayotoboa kopo lisilo na vali. Kopo hilo likishatobolewa haliwezi kuondolewa mpaka liishe, na kwa msafiri wa Afrika Mashariki jiko hilo halifai hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Hesabu ya moto

Nguvu ya jiko huandikwa kwenye kibandiko chake kwa kilowati, na mara nyingi pembeni huandikwa gramu za gesi kwa saa. Jiko la kopo la kilowati 2.2, likifunguliwa lote, hula takriban gramu 160 kwa saa. Kopo la gramu 220 kwa hiyo humalizika kwa muda wa saa moja na dakika ishirini hivi. Mtungi wa kilo 6 kwenye moto kama huo huenda saa 37. Kwa maneno mengine, mtungi mmoja mdogo una gesi ya makopo 27.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua unafuu. Mnunuzi huchukua bei ya kopo moja kwenye duka la karibu, akaizidisha kwa 27, kisha akalinganisha na bei ya kubadilisha mtungi wa kilo 6. Makopo hutengenezwa, hujazwa na hutupwa baada ya matumizi ya mara moja, na gharama ya bati lake imo ndani ya bei ya kila kopo. Mtungi hurudi kiwandani mara nyingi. Kwa anayepika kila siku, jiko la kopo ni nafuu siku ya kununuliwa tu.

Moto wenyewe nao hupimika. Kuchemsha lita moja ya maji ya bombani kunahitaji takriban kilojuli 310 ziingie majini, na kwa kuwa karibu nusu ya joto la jiko dogo hupotea pembeni mwa sufuria, gesi inayotumika ni gramu 13 au 14. Kopo moja basi huchemsha lita kama 16. Ni chai nyingi. Lakini sufuria ya maharage makavu inayotokota saa mbili kwa moto mdogo hula gramu 100 na zaidi, karibu nusu kopo, na hapo bado hakijapikwa cha kuliwa nayo. Matooke, yaani ndizi za kupika, yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba na kuachwa yaive taratibu kwa saa kadhaa, kama yapikwavyo nyumbani kwa Waganda, hayakutungwa kwa ajili ya kopo.

Zipo njia za kupunguza hasara. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema. Sufuria yenye kifuniko hutumia gesi kidogo kuliko iliyo wazi. Sufuria ya mvuke wa kubanwa hukata muda wa maharage na nyama ngumu kwa zaidi ya nusu. Kapu lililojazwa vitambaa au majani makavu, ambamo sufuria inayochemka hufukiwa, huendelea kuivisha chakula bila moto wowote. Na moto unaopanda pembeni mwa sufuria haupiki chochote, kwa hiyo ufunguo huteremshwa mpaka miali ibaki chini ya kitako.

Kulikagua jiko dukani

Baada ya kuamua gesi, ndipo jiko lenyewe hukaguliwa. Cha kwanza ni uthabiti. Jiko la juu ya mtungi hubeba sufuria mahali pa juu, na posho, yaani ugali, haisongwi kwa mkono mwepesi. Mwiko ukishindana na unga mzito, mtungi wa kilo 6 huyumba, na ukiwa umebaki na gesi kidogo huyumba zaidi kwa kuwa umekuwa mwepesi. Anayesonga posho kila siku ana haja na jiko la mezani lenye mpira, au kikalio kipana chenye vyuma vinene ambacho sufuria haitelezi juu yake. Dukani inatosha kuweka sufuria yenye maji juu ya jiko na kuzungusha mwiko ndani yake. Kikalio kinachocheza hapo kitacheza zaidi chini ya chakula cha moto.

Cha pili ni uwiano wa sufuria na kichomeo. Kichomeo chenye kichwa kidogo hutoa mwali mmoja wa katikati, unaounguza chakula kati huku pembeni kukiwa kubichi. Hufaa chai, mayai na uji mwepesi. Kichwa kipana chenye matundu mengi husambaza moto, na ndicho kinachofaa wali na katogo, yaani matooke yaliyopikwa pamoja na kitoweo. Kwa upande mwingine, chombo kipana kupita kiasi huleta hatari kwenye jiko la kopo. Kikaango bapa cha chapati, kile ambacho muuza rolex hukitumia kando ya barabara kukunjia mayai ndani ya chapati, hufunika kichomeo kikapita hadi juu ya chumba cha kopo, na joto lake hurudi chini likalichemsha kopo. Chombo chochote kinachotokeza juu ya chumba hicho hakifai kwa jiko hilo. Juu ya mtungi nako sufuria pana mno hurudisha joto kwenye vali.

Cha tatu ni madini. Kichwa cha shaba nyeupe au chuma cha kusubu hustahimili moto kuliko bati jembamba, ambalo hupinda likaharibu mpangilio wa miali. Mwili wa chuma cha pua haushiki kutu upesi, na mji wa mvua nyingi na ziwa karibu kama Kampala hula bati haraka. Jiko la bati lililopakwa rangi huwa nafuu na si baya, mradi halifinyi linapobonyezwa kwa kidole gumba.

Cha nne ni moto wenyewe. Muuzaji mwaminifu hukubali kuliwasha. Moto mzuri ni wa buluu, umetulia, na unashika pande zote za kichwa. Moto wa manjano unaoruka huonyesha kwamba gesi haichanganyiki na hewa ya kutosha, labda kwa tundu lililoziba au kichwa kisichokaa sawa. Huo huacha masizi kwenye sufuria na hutoa hewa ya sumu. Moto unaonguruma na kujinyanyua juu ya kichwa hadi kuzimika nao ni kasoro. Ufunguo hujaribiwa taratibu toka mkubwa hadi mdogo: jiko ambalo halina moto mdogo wa kutokosea litaunguza wali na kupoteza gesi.

Kiwashio cha kubofya ni starehe, si sababu ya kuongeza bei. Aghalabu ndicho huharibika kwanza, na kiberiti hufanya kazi ile ile. Kizuizi cha upepo, kwa upande mwingine, kina thamani kubwa kwa wanaopikia barazani, kwani upepo mdogo tu huweza kurefusha muda wa kuchemsha maji. Kizuizi hicho kisizungushwe kikazingira kopo au mtungi, la sivyo kitafungia joto mahali lisipotakiwa.

Cha mwisho ni alama. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, huweka alama yake ya ubora kwenye bidhaa zilizothibitishwa, na wapimaji wake ndio pia wenye dhamana ya mizani za biashara. Jiko lisilo na jina la mtengenezaji, lisilo na kibandiko cha nguvu na lisilo na maelezo yoyote ya matumizi halina wa kuulizwa likiharibika.

Mtungi nao hukaguliwa

Mtungi una lugha yake iliyogongwa kwenye ukosi wa juu. Kati ya tarakimu hizo mna uzito wa mtungi mtupu. Ikiwa imegongwa 7.2, na mtungi ni wa kilo 6 za gesi, ukiwekwa kwenye mizani sharti usome kilo 13.2. Ukisoma 12, mnunuzi analipia gesi ambayo haimo. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mahindi au nyama, inatosha kwa kazi hii, na duka lisilotaka kupima limejibu swali kabla halijaulizwa.

Lakiri ya plastiki mdomoni inapaswa kuwa nzima na yenye nembo inayolingana na ya mtungi. Mtungi uliobonyea, wenye kutu iliyochimba au uliochomelewa mtaani hurudishwa. Ndani ya mdomo kuna pete ndogo ya mpira inayozuia gesi isivuje kwenye muungano, na pete iliyopasuka au kupotea ndiyo chanzo cha uvujaji mwingi. Midomo ya mitungi hutofautiana kwa kampuni na kwa ukubwa, kwa hiyo kichomeo au regyuleta hujaribiwa kwenye mtungi wenyewe kabla ya kulipa. Kwa kawaida mtungi wa kampuni moja hubadilishwa na wa kampuni hiyo hiyo, na hivyo kampuni bora kwa mnunuzi ni ile yenye muuzaji ndani ya mwendo wa miguu kutoka kwake.

Biashara ya kujaza kienyeji, ambako gesi hunyonywa kutoka mtungi mkubwa kuingizwa kwenye mdogo au kwenye kopo, huvutia kwa bei yake. Hatari yake ni ya kisayansi, si ya kutishia watoto. Kopo jembamba la jiko limeundwa kwa ajili ya butani, ambayo kwenye joto la nyuzi 30 husukuma kwa nguvu isiyofika mara tatu ya ile ya hewa ya kawaida. Propani kwenye joto hilo hilo husukuma zaidi ya mara kumi. Mchanganyiko wa mtungini ukiingizwa kwenye kopo, kopo hubeba mzigo ambao halikutengenezewa. Zaidi ya hapo, anayejaza bila mizani hawezi kujua kama ameacha nafasi tupu juu ya kimiminika, nayo nafasi hiyo ndiyo inayokiruhusu kutanuka jua likiwaka. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2024, mlipuko katika kituo cha gesi kilichokuwa kikiendeshwa bila kibali huko Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi wengine zaidi ya 200. Gesi iliyojazwa mahali pasipo na ukaguzi haimdhuru mnunuzi peke yake. Huenda nyumba hadi nyumba.

Chumbani na hemani

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini ikatoka dirishani, bali hushuka sakafuni, ikatambaa chini ya kitanda na kukusanyika kwenye kona. Kwa asili haina harufu, na ile inayofanana na yai lililooza hutiwa makusudi ili pua itoe habari. Chumba kimoja chenye mlango mmoja kinahitaji kwa hiyo mambo mawili: jiko liwe karibu na mlango, na mlango au dirisha liwe wazi wakati wa kupika. Mtungi husimama wima daima. Ukilazwa, kimiminika hufika kwenye vali na moto hutoka kwa vishindo.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni. Hupakwa kwenye muungano wa kichomeo na mtungi, kwenye regyuleta na kwenye urefu wote wa mpira, na mahali panapovuja hutoa mapovu yanayokua. Kiberiti hakitumiki kutafutia uvujaji. Harufu ikisikika, mtungi hufungwa, milango hufunguliwa, na swichi ya taa haiguswi, wala haiwashwi wala haizimwi, kwa kuwa cheche yake inatosha. Wakati wa kuwasha, njiti hutangulia na gesi hufuata. Wakati wa kuzima kwenye mtungi wenye regyuleta, hufungwa mtungini kwanza, si kwenye jiko peke yake. Mpira uliokakamaa au wenye nyufa hubadilishwa mara moja.

Hemani pana adui wa pili asiye na harufu. Kila moto hula oksijeni, na moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi inayomlewesha mtu akalala asiamke. Jiko halipikiwi ndani ya hema lililofungwa, wala haliachwi likiwaka ili kutia joto usiku. Kanuni hiyo ni ile ile kwa chumba kidogo, na kwa sigiri ya makaa ni kali zaidi.

Milimani

Mahitaji ya mpanda mlima ni tofauti na ya mpangaji wa Kampala. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991, kuni hazikatwi kiholela, na mvua karibu haikomi. Kambi ya Elena, ambapo wapandaji hulala kabla ya kupanda kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109, iko kwenye mita 4,541. Usiku huko maji huganda. Kopo la butani tupu, ambalo Kampala liliwaka vizuri, hapo hubaki limejaa kimiminika kisichotaka kutoka. Kwa hiyo katika safari hiyo gesi ghali ya mchanganyiko ndiyo nafuu ya kweli, kwa kuwa ndiyo pekee itakayowaka asubuhi. Hata ikiwaka, subira inahitajika: Kampala, kwenye urefu wa mita 1,200 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 96, na Elena huchemka karibu na nyuzi 85. Maharage kwenye maji ya namna hiyo hayaivi, na wapandaji hubeba vyakula vya kuiva upesi.

Kwa kambi za chini, kama Ziwa Mburo, msitu wa Mabira au visiwa vya Ssese, butani haina shida, na hapo ndipo jiko la kopo linapopata heshima yake: ni jepesi, halidondoshi jivu, na siku mbili za chai, mayai na tambi humalizika kwa makopo mawili au matatu. Makopo ya gesi ya aina yoyote hayaruhusiwi ndani ya ndege, si mkononi wala kwenye mizigo. Anayetua Entebbe na kichomeo chake kutoka ng'ambo hana budi kutafuta kopo linaloingiliana nacho baada ya kushuka, na kwa sababu hiyo wengi huona heri kununua jiko na kopo pamoja mjini.

Nani achukue lipi

Mwanafunzi wa hosteli anayechemsha chai na kukaanga mayai mara chache kwa wiki anaweza kuridhika na jiko la kopo, iwapo hosteli inaruhusu gesi. Mpangaji wa chumba kimoja anayepika kila jioni hupata nafuu kubwa zaidi kwenye mtungi wa kilo 6, na kichomeo cha juu humtosha iwapo chakula chake ni wali, mboga na chai. Nyumba yenye watoto wadogo, au inayosonga posho kila siku, inafaidika na jiko la mezani lenye mpira, mtungi ukiwa umesimama mbali na miguu ya wanaocheza. Kundi linalokwenda kambini kwa gari hubeba mtungi wake wa nyumbani bila kununua kitu kipya. Anayepanda Rwenzori au Elgon kwa miguu ndiye peke yake mwenye sababu ya kulipia kichomeo cha kiganjani na makopo yake.

Na nyumba ambayo matooke na maharage ndio chakula cha kila siku haina haja ya kuitupa sigiri. Nyumba nyingi za Kampala zimekwisha kugawa kazi: gesi kwa chai ya asubuhi, maziwa ya mtoto na kupasha kiporo, makaa kwa chungu kinachotokota kwa saa nne. Kwa mgawanyo huo mtungi wa kilo 6 hudumu muda mrefu zaidi, na gunia la makaa nalo halikimbilii kuisha.